Nywele zilizoungua kwa defrizan: zinavyoharibika na zinavyotunzwa kwa maji ya Goma

Katika saluni za Birere, Majengo na Katindo kuna lalamiko moja ambalo wasusi hulisikia karibu kila siku: "Mama, nywele zangu hazikui." Anayelisema huwa ametumia dawa ya kunyoosha nywele, ambayo sisi wa Goma tunaiita defrizan kwa kufuata Kifaransa, kwa miaka mitano, kumi au zaidi. Kwa muda wote huo nywele zake zimegusa mabega bila kuyapita, kisha zikaanza kupungua, kwanza kwenye panja, halafu kisogoni, halafu utosini. Msusi akikosa jibu humshauri abadilishe kopo. Ninaandika makala haya kwa sababu lalamiko hilo limebeba kosa, na kosa hilo linawafanya wanawake wengi wamalize fedha zao wakitibu kisichotibika, huku wakikiacha kile ambacho bado kinaweza kuokolewa. Nywele hizo zinakua. Shida ni kwamba zinakatika kwa kasi ileile ya kukua kwake, na kwa hiyo urefu unabaki palepale.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kujua nywele zinazobaki kwenye chanuo zimetokaje kichwani. Zitandaze juu ya kitambaa cheupe uziangalie mojamoja. Unywele uliong'oka wenyewe kwa kuwa muda wake umetimia huwa na kinundu kidogo cheupe upande mmoja. Unywele uliokatika hauna kinundu, na mara nyingi ni mfupi kuliko nywele nyingine za kichwa hichohicho. Mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, zote zikiwa na kinundu, na huo si ugonjwa. Hapa ndipo hofu nyingi huzaliwa bure: mwanamke aliyekaa na misuko kwa wiki sita, akaifumua na kukuta bonge la nywele mkononi, kwa kweli anaziona nywele za siku zaidi ya arobaini ambazo zilikuwa zimefungwa ndani ya msuko bila pa kuangukia. Bonge likiwa limejaa vipande vifupi visivyo na vinundu, hapo tatizo ni kukatika, na kukatika ndiko kunakozimaliza nywele zenye defrizan.

Sehemu ya unywele iliyo hai ni ile iliyozama ndani ya ngozi tu. Mzizi hutengeneza unywele na kuusukuma nje kwa miaka miwili hadi sita hivi, kisha hupumzika kwa takriban miezi mitatu, unywele wa zamani ukaanguka, na kazi ikaanza upya. Kasi yake hutofautiana baina ya watu, na nywele zetu za kipilipili hukua polepole kidogo kuliko nywele za singa: kadirio linalofaa ni milimita nane hadi sentimita moja kwa mwezi. Kile kilichokwisha kutoka nje ya ngozi hakina damu wala mshipa wa fahamu, na ndiyo sababu kukikata hakuumi. Kidonda cha mkono hupona kwa sababu mwili hutengeneza ngozi mpya mahali palepale, lakini unywele hauna namna hiyo ya kujiponya. Tangazo lolote linaloahidi kuponya nywele zilizoharibika linaahidi jambo ambalo unywele, kwa maumbile yake, hauwezi kulipokea.

Unywele ukitazamwa kwa hadubini huonekana una magamba yaliyolaliana kama mabati ya paa, kila gamba likifunika mwanzo wa linalofuata, yote yakielekea kwenye ncha. Magamba hayo yakilala vizuri, unywele hung'aa, huteleza, na hautoi unyevu wake ovyo. Juu yake pana utando mwembamba sana wa mafuta ya asili, ambao hufanya maji yasiuloweshe unywele kwa haraka. Chini ya magamba ndiko kwenye nguvu: nyuzi ndefu za protini iitwayo keratini, zilizosokotwa kama kamba na kuunganishwa kwa namna mbili. Viungo vya kwanza ni dhaifu na huachia vinapoguswa na maji tu, kisha hujifunga tena unywele unapokauka. Hivyo ndivyo nywele zilizonyooshwa kwa kifaa cha moto zinavyojikunja mara zinapopigwa na mvua ya alasiri. Viungo vya pili ni imara. Kila kimoja kinaundwa na chembe mbili za salfa zilizoshikana, na hivyo ndivyo vinavyoupa unywele umbo lake la kudumu, la singa au la kipilipili. Maji hayavigusi. Ili kuvivunja lazima itumike kemikali kali.

Kemikali hiyo, katika aina ya kwanza ya defrizan, ni soda kostiki, ileile ambayo watengenezaji wa sabuni huichanganya na mawese. Ukali wa vitu vya namna hii hupimwa kwa kipimo cha pH, ambapo maji safi ni 7, ngozi ya kichwa ni karibu 5.5, na dawa za kunyoosha nywele huwa 12 au zaidi. Kipimo hiki hupanda kwa kuzidisha mara kumi katika kila hatua, na kwa hiyo umbali kati ya ngozi na dawa hiyo ni mkubwa kuliko namba zenyewe zinavyoonyesha. Dawa inapopakwa, unywele huvimba, magamba huinuka, na soda huingia ndani. Viungo vya salfa karibu theluthi moja hupoteza chembe moja kati ya mbili na kubaki na kiungo kingine cha chembe moja, ambacho hakiwezi kurudishwa kuwa kile cha awali. Kwa njia hiyohiyo ule utando wa mafuta wa juu huondoka. Kwa hiyo unywele ulionyooshwa vizuri kabisa, na msusi hodari, kwa dawa bora na kwa muda unaotakiwa, tayari umepungukiwa nguvu na umepoteza kinga yake dhidi ya maji. Uharibifu tunaoulalamikia ni mwendelezo wa kazi ambayo dawa hiyo imetengenezwa kuifanya.

Inasimuliwa kwamba Garrett Morgan, fundi cherehani na mvumbuzi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1877, alikuwa akitafuta kimiminika cha kuzuia sindano za cherehani zisiunguze vitambaa vya sufu. Akajifutia mikono kwenye kitambaa chenye manyoya, akakuta manyoya yamenyooka, na kufikia mwaka 1913 alikuwa na kampuni ya kuuza krimu ya kunyoosha nywele. Kisa hiki kinatukumbusha jambo la msingi: sufu ya kondoo na nywele za binadamu zote ni keratini, na kinachoharibu kimoja huharibu kingine. Hakuna mama ambaye angeloweka sweta la sufu ndani ya soda ya sabuni kisha ashangae likichanika.

Fundo la pili linalohitaji kufunguliwa ni maneno "bila soda" yanayoandikwa kwenye maboksi. Wateja wengi, na hata baadhi ya wasusi, huyaelewa kuwa dawa hiyo haina ukali. Maana yake ni finyu zaidi: haina soda kostiki. Badala yake kuna krimu yenye chokaa iliyozimwa, jamaa ya ile inayopakwa ukutani, ambayo huchanganywa na chupa ndogo ya kimiminika wakati wa kuitumia. Mchanganyiko huo huzaa kemikali nyingine inayofanya kazi ileile kwenye viungo vilevile vya salfa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town, akiwemo Profesa Nonhlanhla Khumalo, walichapisha vipimo vya dawa nyingi za kunyoosha nywele zinazouzwa madukani, zenye soda na zisizo na soda, pamoja na zile zinazotangazwa kuwa za watoto, na wakakuta aina zote zina kiwango cha pH kinachoweza kuunguza ngozi. Tofauti ya kweli baina ya aina hizo mbili iko kwingine: ile ya "bila soda" haiwashi ngozi sana kama mwenzake, lakini huacha chembe za chokaa juu ya unywele, na chembe hizo zikilundikana nywele huwa kavu, ngumu, zisizong'aa, hata zikipakwa mafuta kiasi gani. Mwanamke anayesema nywele zake "zinakataa mafuta" huenda ana tatizo hilo hasa. Ni vyema pia kujua kwamba krimu hiyo ikishachanganywa hutumika siku hiyohiyo. Kilichobaki kwenye bakuli hakiwekwi akiba.

Mimi mwenyewe nina alama ya kovu nyuma ya sikio la kushoto, ukubwa wa punje ya maharagwe, mahali ambapo unywele hauoti tena. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Dawa ilianza kuniwasha, nikasema, msusi akanijibu kwa upole kabisa, "Vumilia kidogo, mdogo wangu, bado haijashika." Siku hiyo maji yalikuwa yamekatika mtaani, na yaliyokuwepo yalikuwa nusu ya ndoo ya kutumiwa na wateja watatu. Simlaumu yule dada, kwa sababu alikuwa ananifanyia alivyofundishwa. Lakini mambo mawili aliyofundishwa hayakuwa kweli. Kuwasha si dalili kwamba dawa inashika nywele. Ni dalili kwamba imefika kwenye ngozi na imeanza kuiunguza, na jambo la kufanya ni kuosha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kwa dakika kumi na tano au zaidi ikiwa pameungua. Na dawa isiyooshwa ikaisha haiachi kufanya kazi kwa sababu muda umetimia: inaendelea kuula unywele kimyakimya chini ya mafuta na vibanio. Shampuu maalumu ya kuzima dawa, ambayo nyingi hutoa povu la waridi ikiwa dawa bado ipo na povu jeupe ikiwa imekwisha, haipaswi kuachwa ili kupunguza bei. Saluni isiyo na maji ya kutosha kwa siku fulani haipaswi kumtia mtu defrizan siku hiyo, na mteja ana haki ya kuuliza maji yako wapi kabla hajakaa kwenye kiti.

Kwa hiyo kutunza nywele zilizoharibika kuna maana gani, ikiwa hazitibiki? Maana yake ni kuchelewesha kuchakaa kwake huku ukizilinda zile mpya zinazotoka mzizini. Kichwa chenye defrizan ya zamani kina nywele za aina mbili kwenye uzi mmoja: karibu na ngozi pana kipilipili kipya, chenye nguvu na kinachojikunja, mbele yake pana sehemu iliyonyooshwa, dhaifu na laini. Zinapokutana pana mpaka, na mpaka huo ndio mahali ambapo unywele hukatika kwa urahisi kuliko popote, kwa sababu chanuo linapopita, upande mmoja hujikaza na mwingine hujivuta. Anayechana kwa kuanzia mzizini kwenda chini huugonga mpaka huo kwa nguvu yote ya mkono. Anayeanzia kwenye ncha, kwa chanuo la meno mapana, nywele zikiwa zimelowa na kupakwa kondishona, akipanda kidogokidogo huku ameshika juu ya mpaka kwa vidole, huuvusha salama. Kama ningeruhusiwa kumfundisha mtu jambo moja tu katika haya yote, ningemfundisha hili, kwa kuwa halina gharama.

Yule ambaye bado anataka kuendelea na defrizan, nami simhukumu, anahitaji kujua kwamba madhara makubwa zaidi hutokana na kuipaka dawa juu ya nywele zilizokwisha kunyooshwa. Kila mara inapozipitia huondoa viungo vingine, mpaka uzi ukakosa cha kuushikilia. Dawa hupakwa kwenye nywele zilizoota tu, na ili zipatikane za kutosha kupakwa bila kuvuka mpaka, lazima zipite wiki nane hadi kumi na mbili. Sehemu ya zamani hufunikwa kwa mafuta mazito kabla ya kuanza, na ngozi, masikio na paji la uso hupakwa vazelini. Kichwa hakikunwi wala hakioshwi siku mbili tatu kabla, ili mafuta ya asili yabaki kuwa kinga; na asiwekewe dawa mtu aliyefumua misuko jana, kwa sababu ngozi yake bado ina michubuko asiyoiona. Kwenye panja, ambako nywele ni nyembamba, dawa hupakwa mwisho. Watoto wasitiwe kabisa.

Sasa nije kwenye maji, kwa kuwa ushauri mwingi tunaousoma kuhusu nywele umeandikwa na watu wanaofungua bomba na kupata maji tofauti na yetu. Mjini Goma hakuna mto. Mvua huzama moja kwa moja kwenye mawe ya lava. Tunakunywa, tunafua na tunaoga Ziwa Kivu, ama kwa bido, yaani dumu, lililotekwa ufukweni Kituku na kupandishwa kwa chukudu, kigari chetu cha mbao, ama kwa bomba la Regideso, shirika la maji, ambalo nalo huvuta ziwani. Maji ya ziwa hili yana asili ya volkano: yamejaa bikaboneti na magneziamu, na pH yake ni karibu 9. Mwenye nywele zisizo na dawa huenda asilione jambo hilo kwa miaka mingi. Lakini nywele zilizopoteza utando wake wa mafuta huyanywa maji hayo, magamba yake huinuka, na zinapokauka zinabaki zimeinuka, zikikwaruzana na kushikana. Kibaya zaidi ni kuziosha kwa sabuni ya kipande. Sabuni hiyo nayo ina ukali wa upande uleule, na ikikutana na magneziamu ya ziwa hutengeneza ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni. Utando huohuo huganda kwenye nywele.

Dawa yake ni rahisi na iko jikoni. Baada ya kuosha kwa shampuu na kupaka kondishona, maji ya mwisho kabisa ya kusuuzia yatiwe siki: vijiko viwili vikubwa vya siki ya kawaida katika lita moja ya maji ya ziwa. Kijiko kimoja ambacho hutajwa mara nyingi hakitoshi hapa, kwa sababu bikaboneti ya Kivu hula sehemu kubwa ya ukali wa siki kabla haujafika kwenye unywele. Maji hayo yamwagwe kichwani taratibu na yasisuuzwe tena, maana ukisuuza kwa maji matupu umerudisha ulichokiondoa; harufu hutoweka nywele zikikauka. Magamba hulala, na chembe za chokaa za defrizan ya "bila soda" hulegea kiasi. Siki isitiwe kwenye kidonda wala kwenye ngozi iliyotoka kuungua. Mwenye tangi la maji ya mvua ana bahati zaidi, kwa kuwa maji ya mvua hayana chumvi hizo. Ayaache tu ya dakika za mwanzo yapite, maana hubeba vumbi la mabati na majivu ya mlima.

Kuosha mara moja kwa wiki kunatosha. Kondishona ninaisisitiza kwa sababu inaeleweka vibaya: wengine huiona kuwa anasa, wengine huitegemea kama dawa. Unywele ulioharibika huwa na chaji hasi za umeme mahali palipochubuka, nayo kondishona ina chembe zenye chaji chanya, na kwa hiyo hunata hasa pale palipo na jeraha, ikalaza magamba na kupunguza msuguano. Haikarabati kitu, inafunika. Maji ya wiki inayofuata huiondoa, na ndiyo sababu hupakwa kila unapoosha.

Kuhusu mayai, mayonezi na avoka, ambavyo karibu kila binti wa Goma amewahi kuvipaka kwa ushauri wa shangazi fulani, nina jambo la kusema kwa heshima. Yai lina protini, na unywele ni protini, lakini protini ya yai ni kubwa mno kupenya ndani ya unywele. Hukaa juu, ikaoshwa. Bidhaa zenye protini iliyovunjwavunjwa vipande vidogo zinaweza kuingia na kuupa unywele nguvu kwa muda. Avoka hulainisha kwa mafuta yake, lakini vipande vyake hunasa kwenye nywele, na kuviondoa hukata nywele zaidi ya zilizosaidiwa. Avoka iliwe.

Mafuta nayo si unyevu. Mafuta huzuia unyevu usitoke, na kwa hiyo hupakwa kwenye nywele zenye majimaji bado. Ukiyapaka kwenye nywele kavu umefungia ukavu ndani. Si mafuta yote yaliyo sawa. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ni ya nazi pekee yaliyopunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, kwa kuwa asidi yake kuu, iitwayo lauriki, ni ndogo na imenyooka kiasi cha kupenya ndani ya uzi. Nazi hapa kwetu ni ya kuagizwa. Lakini mafuta meupe yanayokamuliwa kutoka ndani ya kokwa la chikichi yana asidi hiyohiyo kwa kiasi kinachokaribia cha nazi. Mawese mekundu, yanayotoka kwenye nyama ya tunda lilelile, hayana. Mafuta hayo ya kokwa yakipakwa usiku wa kabla ya kuosha, hasa kwenye sehemu ya zamani, hufanya unywele usivimbe sana unapolowa, na kuvimba na kusinyaa kila wiki ndiko kunakoumaliza.

Ukitaka kujua nywele zako zinataka nini, lowesha unywele mmoja uliokatika na uuvute polepole. Unywele wenye afya, ukiwa umelowa, hunyumbuka karibu theluthi moja ya urefu wake na kurudi. Ukinyumbuka kama mpira uliochoka, ukabaki umerefuka, umepoteza protini nyingi, na kuuloweka kwenye krimu za unyevu saa nzima huudhoofisha zaidi. Ukikatika papo hapo bila kunyumbuka, ni mkavu, na protini zaidi itaufanya uwe mgumu kama ufagio.

Moto ninautaja kwa ufupi: chanuo la chuma linalopashwa kwenye makaa halina kipimo, na moto ukigusa unywele wenye unyevu, maji yaliyomo huchemka na kuutoboa kutoka ndani. Kwenye nywele zilizokwisha kuharibika, uachwe. Misuko nayo huonekana kuwa mapumziko, na ni kweli, ikiwa ni mikubwa, haina meshi (nywele za bandia) nzito, na haivuti. Msuko unaomzuia mtu kulala usiku wa kwanza, au unaotoa vipele vidogo kwenye panja, unang'oa nywele, na watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba panja huathirika zaidi misuko ya kuvuta inapofanywa juu ya nywele zenye dawa. Kitenge cha kichwani tusikiache, ni chetu. Lakini pamba hufyonza mafuta na kukwaruza, basi chini yake, na wakati wa kulala, pafungwe kitambaa cha satini.

Wengi waliochoka na defrizan hukimbilia kile kinachoitwa "lisaji ya Brazili", unyooshaji mwingine wa nywele unaodaiwa kuwa tiba ya keratini. Bidhaa nyingi za aina hiyo hutoa gesi ya fomaldehaidi zinapopigwa pasi, gesi ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Macho yanayowasha na kutoa machozi ndani ya saluni ni onyo. Dawa ya kukunja nywele, yenye thioglikolati, haipakwi kamwe juu ya defrizan: nywele huweza kuyeyuka mkononi. Na kuhusu kunyoosha nywele kwa jumla, mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wanawake 33,497 walitangaza kwamba waliotumia bidhaa hizo zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya maradufu ya wasiotumia: makadirio ni kwamba hadi umri wa miaka 70, ni asilimia 1.64 kwa wasiotumia na asilimia 4.05 kwa watumiaji wa mara kwa mara. Utafiti huo unaonyesha uhusiano na hauthibitishi chanzo, na saratani hiyo yenyewe si ya kawaida sana. Lakini mwanamke anayeamua anastahili kuzijua namba hizo kabla ya kuamua.

Kuna wakati ambapo chanuo na siki havihusiki tena. Utosi ukianza kuwa wazi na upana wake ukiongezeka, ngozi ya hapo ikiwa laini na ya kung'aa, bila vitundu vya nywele, mizizi inageuka kovu, na kila mwezi wa kusubiri ni mizizi mingine inayokufa. Vivyo hivyo usaha, maumivu yasiyoisha, au nywele zenye vinundu vyeupe zinazotoka kwa mafungu bila kukoma. Mama aliyejifungua miezi miwili hadi minne iliyopita anaweza kupoteza nywele nyingi, na kwa kawaida hurudi. Wengine wote waende kwa daktari, wakapimwe damu pia, badala ya kununua kopo jingine.

Mdogo wangu aliacha defrizan mwaka juzi. Nilimwambia ana njia mbili: kukata zote siku hiyo, au kungoja na kupunguza ncha kila baada ya wiki sita hadi nane. Akachagua kungoja, kwa sababu alikuwa na harusi ya rafiki yake na hakuwa tayari kwenda na kichwa kifupi. Alisuka misuko mikubwa, akaosha kwa siki kila Jumamosi, na kila mara nilikuwa nakata sentimita moja au mbili za sehemu ya zamani. Mara mbili alikaribia kurudi saluni, na mara mbili tulikaa jioni nzima tukizifumua nywele kwa vidole pale kwenye mpaka. Baada ya miezi kumi na minne tulipima kwa rula nyuma ya kichwa: kipilipili kilichonyooshwa kwa vidole kilifika sentimita 12. Sehemu iliyonyooshwa iliyobaki ilikuwa fupi kuliko kidole gumba. "Yaya, za mbele kata," akaniambia mimi mkubwa wake, "za kisogoni niachie mwezi mmoja." Nikamwachia. Mwezi uliofuata alikuja mwenyewe na mkasi.